Gita Kubwa la Shemeji

Jumanne, 4 Machi

Nimepata pa kumkomolea.

Leo kazini kwa dobi, nikipiga pasi vitambaa vya meza vya hoteli, dereva wao aliyekuja kuvichukua kasema wanatafuta mpiga gita mmoja. Mmoja tu. Gita kavu, lisilo la umeme, la kuwapigia wageni wakila jioni. Mchujo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia aniandikishe. Akacheka, akakubali. Kisha akasema kuna bwana keshatangulia kujiandikisha – mrefu, ana mwanya, anavaa kofia hata ndani ya nyumba.

Shemeji! Nani mwingine.

Mume wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha gita akiwa hajui kidole kipi kiende wapi. Miaka yote ya kundi letu nilikaza nyuzi za gita langu, kisha za lake, maana sikio lake halisikii uzi uliolegea mpaka wasikilizaji wakunje nyuso. Kundi lilipoanza kuitwa huku na huku, akaniondoa. Mbele ya watu, ukumbini, akasema: huyu kwetu ni mkaza nyuzi tu. Wakacheka. Na magita yote akabaki nayo kwa kuwa eti ni mali ya kundi. Langu kaliuza, lake kaliacha juani mpaka likapasuka tumbo.

Sijasahau. Sitaki kusahau. Kiti hicho cha hotelini kiwe changu. Kikinikosa, kiwe cha mtu yeyote ila yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa fundi wa magita baada ya kazi. Chumba kimoja, harufu ya gundi, shingo za magita zimelundikana kwenye ndoo. Mazima ya kuuza mawili tu. Moja kubwa, tumbo pana, linang'aa. Jingine dogo, kiuno chembamba, rangi imechujuka.

Nilinyoosha mkono kwa kubwa, nisijidanganye. Nilitaka sauti ya kumfunika mtu. Fundi hakunikataza. Alisema nikae, nipige ninavyopiga nyumbani, nisimpigie yeye.

Nikapiga. Mimi nadonoa kwa vidole, sicharazi. Gita likanguruma tu, noti zimegandana kama mashati yaliyokunjwa mabichi. Fundi akasema hilo linataka mkono mzito, wa mtu anayeimbisha umati, ukilibembeleza linasinzia. Na shingo yake ni nyembamba, vidole vinavyodonoa vitakanyagana.

Akanipa dogo. Nikaligusa kidogo tu – likaitika! Kila uzi na sauti yake. Nimelichukua.

Njiani ndipo nilipowaza: Shemeji naye hudonoa. Mkono wake niliupanda mimi. Tena ni laini kuliko wangu. Lile kubwa likimfikia...

Nikacheka peke yangu barabarani. Mama mmoja akanipisha njia.

Jumapili, 9 Machi

Chakula kwa Mama. Dada kaja peke yake. Mumewe siku hizi hanitazami usoni. Akanivuta jikoni. Eti gita limepasuka, mchujo unakaribia, na mwenzake hajui kuchagua. Wewe mdogo wangu ndiye mwenye sikio, achukue lipi?

Sikumtafuta. Kaja mwenyewe.

Nikamwambia kwa fundi kuna gita kubwa, la wanaume wenye vifua. Ukumbi wa hoteli ni mpana, gita dogo litamezwa. Ningekuwa na mkono kama wake ningelichukua mimi. Niliyasema yote bila kupepesa jicho, huku nakausha sahani. Dada akanishika bega. Akasema anajua tumekosana, lakini nina moyo mzuri.

Hapo pangepaswa kunichoma. Hapakunichoma. Nilirudi kupakua mara ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Wamelichukua! Kaniambia fundi, nilipopita kununua nyuzi. Bwana hakulijaribu hata. Alisimama mbele ya kioo, akajitazama nalo, basi. Fundi akamwambia akae apige. Akajibu kuna mtu anayejua mambo hayo, keshamchagulia.

Mtu anayejua! Leo si mkaza nyuzi tena.

Roho yangu kwatu. Leo nimepiga pasi mpaka kola za watu zimesimama zenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kaniita nikamkazie Shemeji nyuzi. Mara ya mwisho, anasema, kwa ajili yake yeye. Nikaenda. Nilitaka kujionea.

Shemeji kakaa ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, plasta kwenye vidole vitatu. "Karibu, shemeji." Kasema gita ni la maana ila bado hawajazoeana. Akapiga kidogo. Ilikuwa kama mtu anaongea mdomo umejaa. Akabonyeza kwa nguvu, likazidi kuvuma. Nilijiuma ulimi.

Ningeweza kuulegeza uzi mmoja, kidogo, asingejua. Sikuulegeza. Nilizikaza zote sawasawa, na haikuwa huruma. Aanguke kwa mkono wake mwenyewe, asije akasema ni mimi.

Kisha nikatafuta pa kutua kikombe cha chai. Siku zote hukiweka kwenye meza ya cherehani ya Dada. Meza hakuna. Kona tupu, sakafuni alama za miguu yake na vipande vya uzi. Nikauliza kama cherehani iko kwa fundi. Dada akasema ameiuza. Gita lile si bei ya mchezo, na mumewe akipata kazi atamnunulia nyingine, bora zaidi. Alikuwa anashona shati la mumewe la kesho kwa sindano ya mkono, hata hakuinua macho.

Sikumaliza chai.

Cherehani ile ndiyo iliyonisomesha. Mama alipougua, Dada aliacha shule, akashona sare za watoto wa watu ili mimi nivae yangu. Sasa nimemkomoa nani?

Na yeye Shemeji! Mume gani anamwachia mkewe auze cherehani? Hasira yangu iko pale pale, haijapungua hata chembe. Ila haijui tena imwendee nani.

Jumamosi, 15 Machi

Hotelini, chumba cha nyuma ya ukumbi. Viti vimepangwa ukutani. Vitambaa nilivyovipiga pasi Jumanne viko kwenye rafu, naiona mikunjo yangu. Naandikia gotini.

Nimeshapiga. Vizuri – wapishi walitoka wakasimama mlangoni. Meneja akamnong'oneza mwenzake, akaniambia nisiondoke. Amebaki Shemeji tu.

Amekaa ng'ambo, gita limemfunika hadi kidevuni. Anabandua plasta moja moja. Anazibandika tena. Ahangaike! Kwa hili nimengoja muda mrefu. Nasubiri niionje raha yake, haiji.

Dada amekuja kukaa kando yangu na mfuko wa chakula, cha mumewe na changu pamoja. Ananong'ona: mwenzangu anasema mkono wake haulisikii gita. Nimemwambia mdogo wangu ndiye aliyekuchagulia, mwamini.

Kisha akauweka mfuko chini. Akalitazama gita langu mapajani. Akalipima kwa macho kama anavyompima mtu anayetaka gauni – mabega, kiuno, mkono. Akaligeukia la mumewe, akalipima nalo. Dada yangu hajui noti hata moja, lakini anajua kitu kinachomkaa mtu na kisichomkaa.

Akaniuliza taratibu, bila ukali wowote: "Si mnapiga mtindo mmoja nyie? Mbona wewe ulichukua dogo?"

Meneja ametokeza kichwa mlangoni. Anamwita Shemeji. Shemeji amesimama, lakini haendi. Analitazama gita langu. Hawezi kuomba, na mimi sijanyoosha mkono. Nikimpa, atapiga vizuri, nimjuavyo, na kiti kitaondoka naye. Nisipompa –

Meneja ameita tena.

Nimeinamia karatasi nisimwone Dada. Anadhani naandika jambo la maana. Kwa adabu zake, ananisubiri nimalize.