Samaki Wamekuja Juu

Mjukuu wangu,

Samaki wa bwawani usiwape chakula leo. Pampu ya hewa nimeipeleka kwa fundi. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nilikwambia, wakija juu kuhema vile, hewa imepungua majini, wasilishwe. Ukasema, "Babu, ngoja nimuulize profesa." Profesa kakujibu hayohayo kwa simu, nawe ukaruka, "Jamani, huyu mtu ana akili!" Mimi nimesimama hapo na ndoo yangu kama nguzo!

~~Mwambie huyo profesa wako aje akubebee ndoo.~~ Nimefuta, zilikuwa hasira tu.

Ila kitabu chako cha masta kikiisha, ukifika pale pa kushukuru watu, anza na mimi. Haya basi, hata nikiwa wa pili.

Babu yako