Majina Yaliyobaki

Kitale

Mwanangu Sidi,

Marehemu mama yako hakutaka kuzaa watoto saba. Nimewaficha hilo maisha yenu yote, na sasa kifua kinanibana. Naogopa kuzikwa nalo.

U hali gani, mamangu? Mkono ulioteguka ukitandika vitanda kule hotelini Kikambala umepona? Hapa kwa nduguyo Karisa nalishwa uji kama mtoto. Baridi imenimaliza; nasimama kwa kushika ukuta.

Ulikuwa na miaka minane, na wadogo zako wawili, wasichana pia. Mama yako alirudi kutoka zahanati na fomu ya sindano ya kupanga uzazi. Siku hizo muuguzi alitaka sahihi ya mume. Nikamwambia, "Majina ya upande wangu hayajaisha. Baba hajapata mjukuu wa kubeba jina lake, wala ami zangu watatu."

Akacheka. "Basi Mwalimu, hayo yaliyobaki yazae wewe."

Mimi niliyewafundisha darasa la saba faida za familia ndogo, tena kwa michoro ubaoni! Nilikaa na fomu ile mpaka akachoka kuuliza.

Wakaja wavulana wanne, wawili wa mwisho mapacha. Furaha ikawa yangu, kazi ikawa yenu. Karisa alisomeshwa kwa kuwa alibeba jina la baba. Watatu wanachonga mawe machimboni, na shamba nililowagawia ni vipande ambavyo mbuzi akifungwa kwa huyu anakula kwa yule. Wewe ulizaa wawili ukasema basi, nami nikakuita mchoyo. Wote wawili wako chuoni. Naona haya.

Nisalimie shangazi yako Dama wa Barani, mkwe wangu, na hao wajukuu. Wasomee barua hii yote, usiruke mahali.

Kuna jingine. Mapacha walipozaliwa mama yako aliugua, hakuweza hata kuwainua. Uliniuliza, mmoja umembeba mgongoni, mwingine mikononi: "Baba, barua ya kidato cha kwanza haijaja?" Nikakwambia hukuitwa. Ulikwenda nyuma ya nyumba ukalia, kisha ukarudi kufua nepi, wala hukuuliza tena.

Uliitwa, Sidi. Barua ilikuja. Aliyeijibu kwa mwandiko mzuri kwamba hutaki tena kusoma ni mimi,

baba yako,
Mwalimu Katana