Kwa Barasa, Kuhusu Injini Unayotaka Kuitoa

Mpenzi wangu wa zamani,

Natumaini wewe ni mzima. Mimi nina wivu, na afadhali niliseme hilo mapema usije ukahangaika kulitafuta katikati ya mistari. Naandika hapa hadharani kwa sababu namba yangu uliiziba, na pia najua dada yako husoma kila kitu ninachoandika. Atakufikishia kabla chai yake haijapoa.

Juzi fundi wako alinipigia simu dukani. Hakujua anaongea na nani. Kwake mimi ni mwanamke tu anayeuza spea za mtumba hapa Ruiru.

"Madam, uko na injini ya Kijapani, silinda sita? Kuna gari ya Mjerumani hapa imetusumbua. Mwenyewe anasema tutoe yake, tuweke ya Japani apumzike."

Nikamwambia atume picha. Picha ikaingia, na lilikuwa gari letu. Samahani, gari lako. Jeusi, na ile taa ya kushoto iliyopauka. Kwenye kiti cha mbele, kiti changu, kulikuwa na mto wa pinki wenye manyoya. Barasa, manyoya! Ngozi ya kiti kile niliisugua kwa mikono yangu Jumamosi nzima mpaka ikarudi rangi, halafu mtu anakuja kuifunika na mto wa sebuleni.

Unakumbuka siku tuliyolinunua? Tulitoka kanisani moja kwa moja mpaka Thika, Makongeni, kwa yule mzee aliyekuwa akiliuza kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kuingia na kutoka kwenye gari la chini hivyo. Ulilizunguka mara tatu ukicheka peke yako. Nikakuvuta kando nikakwambia, "Ficha meno, atapandisha bei." Ukanijibu, "Siwezi, Shiro. Nimejaribu." Basi ikabidi mimi ndiye nikae na uso wa kununa. Nililala chini ya gari hilo juu ya kipande cha katoni, na gauni langu la Jumapili, huku mzee akikuuliza kama mimi ni mke wako au fundi wako. Ulimwambia, "Vyote." Neno hilo nililibeba kifuani miezi mingi.

Tukarudi kwa Thika Road. Wewe fundi umeme wa kiwandani, mtu wa ovaroli ya bluu na shifti za asubuhi, uliendesha polepole hivi kwamba malori ya mawe yalitupita. Tulipofika Juja ukafungua vioo vyote. "Sikia hiyo sauti," ukasema. Nikasema, "Naisikia. Wewe angalia barabara." Lakini nilikuwa nimeisikia kweli, na nikaipenda kukushinda wewe, ingawa sikuwahi kukwambia.

Wenzako wa kiwandani hawakukupa amani. Mjerumani anakunywa mafuta, Mjerumani spea zake hazipatikani, toa hiyo injini weka ya Kijapani. Ulikuja kwangu umeshashawishika nusu. Mimi ndiye ninayeuza hizo injini za Kijapani, Barasa! Zilikuwa zimepangwa hapo mlangoni juu ya matairi makuukuu, ungechagua tu. Nikakwambia acha. Nikakwambia ukiitoa hiyo injini utabaki na bodi ya kupigia picha. Duka zima jirani lilinicheka, mfanyabiashara gani anafukuza mteja, na mteja mwenyewe ni wa nyumbani.

Kila Jumamosi wewe uliosha nje, mimi nikafungua boneti. Hapo ndipo nilipokufundisha ile kanuni moja: "Ikichemka, zima. Usiseme nifike tu hapo mbele. Zima hapo hapo, hata kama ni katikati ya harusi." Ulikuwa ukiirudia kama mtoto wa Sunday school, na sabuni mpaka kwenye viwiko.

Halafu kukaja habari ya kwetu. Wazazi wangu wako juu ya Gatundu, na kutoka kwenye lami ni kilomita mbili za murram, mbili tu. Nilikuomba twende wakuone. Ukasema, "Hii gari iko chini sana, Shiro. Itagusa." Nikasema basi tukodi nyingine. Ukasema mwanamume haendi kwa wakwe mara ya kwanza na gari la watu. Nikaona una hoja, tukapanga siku nyingine, nawe ukaahirisha tena na tena. Mama alifuta viti mara tatu, mara tatu Baba akavaa koti lake la mikutano akakaa nje akitazama njia. Mara ya tatu nikawadanganya kwamba umewekwa shifti ya ghafla. Baba alivua koti akaingia ndani. Haikupita muda mrefu ukaondoka, ukaenda na gari lako, na mimi nikabaki na kumwambia Mama aache kuuliza.

Sasa sikiliza. Fundi wako aliniambia gari lilichemka, nikamuuliza lilichemkia wapi.

"Gatuanyaga huko ndani, kwa vumbi. Alikuwa anapeleka bibi kwao, waonane na wazee. Buti imejaa shopping, unga, sukari, kreti za soda. Ikabidi waitiwe bodaboda za kubeba."

Gatuanyaga! Kule hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Kilomita mbili za kwetu zingegusa, lakini mawe ya kwao hayakugusa. Nilikaa juu ya gia boksi iliyokuwa hapo karibu, mteja akaniuliza bei ya shoki nikamtajia ya taa. Nilishajua kwamba una mwingine, hilo nilikuwa nimelimeza. Kilichonikaba ni kwamba gari linaweza kwenda. Muda wote lilikuwa linaweza kwenda.

Lakini mimi ni mtu wa spea, nikaendelea kuuliza.

"Mwenyewe aliendesha ikiwa imechemka?"

"Hapana. Alizima hapo hapo. Bibi alikuwa anamwambia wafike tu, ni karibu, akakataa kabisa."

"Oil iko aje?"

"Oil safi, madam. Haijakuwa maziwa."

Oil ambayo haijageuka maziwa ni oil ambayo haijaingiwa na maji. Hapo nikajua. Injini yako haijafa, Barasa. Kilichokufa ni pampu ya maji, na najua kwa sababu niliifunga mimi. Ile tuliyoikuta kwenye gari ilikuwa imechoka, mpya ilikuwa haipatikani, nikakuwekea ya mtumba kutoka rafu yangu na kusema tutaibadilisha kabla ya Krismasi. Kabla ya Krismasi hatukuwa pamoja tena. Wewe ukasahau, na mimi sikukukumbusha, kwa sababu nilikuwa bado nasubiri upige simu kwanza.

Ningemwambia fundi palepale. Ni sentensi moja. Badala yake nilimwambia, "Injini iko. Kuja Ijumaa."

Nikakuongezea na jingine, nalikiri hapa mbele za watu. Nilimwambia ile ya zamani aniletee, nitaichukua kama chuma chakavu. Nia yangu ilikuwa kuibadilisha pampu na kuiwasha mwenyewe. Nyinyi mngekuwa mnapita Githurai 45 mkinguruma kama kila gari la kijana mwenye mkopo, na ile sauti ningekuwa nayo mimi, nyuma ya duka. Huyo mwenye mto wa pinki asingeisikia tena maishani mwake. Nilifagia kabisa mahali pa kuiweka. Nilipanga na mbao.

Kesho ni Ijumaa. Injini ya Kijapani imeshaoshwa, ipo mlangoni inasubiri. Leo kutwa nimeizunguka nikijiambia kwamba hii ni biashara, na kwamba mtu aliyeniziba namba hana haki ya ushauri wangu. Hayo yote ni kweli, na bado ninayaamini.

Ila kuna jambo fundi wako alilisema ambalo limekataa kutoka kichwani. Ulizima. Pale kwenye vumbi, na buti limejaa, na wazee wa watu wamekaa wanakusubiri, na mwanamke uliyemchagua anakwambia mfike tu, ulinitii mimi. Sijui kama hata ulikumbuka ni nani alikufundisha. Lakini mkono wako ulikumbuka, na injini ikapona kwa sababu hiyo. Nimegundua kwamba sitaki kuimiliki injini yenyewe kama ninavyotaka iendelee kuwa ndani ya gari lako, ikiwaka kila asubuhi kwa sababu yangu.

Kwa hiyo usiitoe. Badilisha pampu, na safari hii tafuta mpya, usinunue ya mtumba hata kama ni mimi ninayeiuza. Fundi akikwambia haiwezekani, tafuta fundi mwingine, kwa maana huyo anatamani tu kazi ya kushusha na kupandisha. Uende salama. Wazee wa Gatuanyaga uwasalimie, sina ubaya nao.

Nina sharti moja tu, na kwa kuwa nimeliandika hapa hadharani huna pa kujificha. Siku gari litakapowaka, huyo mwanamke wako atakuuliza ni nani aliyejua shida ilikuwa wapi. Usimwambie ni fundi. Mwambie jina langu, na ulitaje ukimwangalia usoni.

Aliyekuwa wako,
Shiro