Nchi Nzima Inaimba Kwamba Nilimfungia Mlango Mkwe Wangu

Mpendwa Doña Ofelia, mshauri wetu wa gazetini, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na unisamehe mwandiko, naandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa huku redio ikiniimba, si jina langu hasa, cheo changu, mama mkwe.

Mimi ni Rubiela Ocampo, mjane, fundi cherehani katika karakana ya nguo za kulalia hapa Itagüí, na usihangaike kulificha jina langu kwa sababu halina tena pa kujificha, maana wimbo ninaousema unaujua, ule ulioshika namba moja tangu mvua zianze, ambao kijana analia kwamba alimpenda msichana kwa roho yake yote lakini mama wa msichana akamfungia mlango wa kijani akamwacha nje analowa na gitaa lake, halafu kinakuja kiitikio, mama mkwe, mama mkwe, ufunguo wa moyo umeumeza wewe. Kijana huyo ni Ferney. Msichana ni binti yangu Yesenia. Mlango ni wangu. Mvua haikuwepo, siku ile jua lilikuwa linawaka.

Mwanzoni hatukujua kwamba mama huyo ni mimi, wanawake wote karakanani tulikuwa tunauimba na mashine zetu, na mimi nikiimba nao, kwa sababu wimbo ni mzuri, siwezi kusema uongo, pale tarumbeta inapoingia hata mimi mguu unapoteza mwendo wa cherehani. Kisha asubuhi moja Ferney akahojiwa redioni, mtangazaji akamuuliza huyo mama ni wa kubuni au yupo, naye akasema yupo, ni fundi nguo wa Itagüí, na zamani alikuwa akimwita mama. Mashine zikanyamaza karakana nzima. Luz Dary anayekaa karibu yangu akanigeukia, sindano bado mdomoni.

«We Doña Rubiela! Ulimfanyia nini mtoto wa watu?»

«Shona,» nikamwambia.

Lakini mimi mwenyewe sikujua nilimfanyia nini, Doña Ofelia, kwa sababu kijana yule alikula mezani kwangu miaka miwili, maharage yangu na arepa zangu za mahindi, na alifanyia mazoezi uani kwangu kati ya nguo zilizoanikwa kwa kuwa baba yake hakutaka kelele, na koo lilipomkauka nilimchemshia sukari guru kwa ndimu na tangawizi nikamfunga shingoni skafu ya marehemu mume wangu, akaenda kushindana sauti ikiwa imerudi, akashinda, akaja mbio kuniambia mimi kabla ya mtu yeyote, kisha siku moja akaacha kuja, bila kwaheri, na mimi nikakaa na kinyongo chote hicho nikidhani ametutupa baada ya kushiba.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Yesenia anapiga pasi.

«Yesenia, mimi nilimfungia mlango Ferney lini?»

Akaweka pasi chini. «Mama, usikasirike.»

«Nijibu kwanza, kukasirika nitaangalia.»

«Nilikuwa nimemchoka, Mama. Hakunikosea kitu. Nikashindwa kumwambia simtaki, nikamwambia wewe ndiye hutaki. Ulikuwa kazini. Sasa mimi ningejuaje kama atakwenda kuuimbia ulimwengu?»

Basi tangu hapo maisha yangu yamekuwa hivi: vijana wanakuja kupiga picha mbele ya nyumba wakijishika vifua, watoto wanagonga wanaimba wanakimbia, muuza nyama ananiuliza mbele ya foleni, «Nikufungie, Doña, au kufunga unafunga mwenyewe?», nikaupaka mlango rangi ya kahawia, jirani yangu muuza aiskrimu akaja amenuna, «Sasa wageni wangu watapiga picha na nini?», na haya yote ningeyabeba, nimebeba makubwa zaidi, lakini Yesenia ana mchumba mpya, Wílmar, fundi wa meno ya bandia, kijana mpole, na mama yake Doña Ligia alipokuja kujitambulisha alikaa na mkoba magotini kama yuko kituo cha basi, akaniuliza, «Na huyu wangu naye utamfungia?», akaondoka bila kuonja sancocho yangu, na hiyo supu, Doña Ofelia, nilianza kuipika alfajiri.

Na sasa Ferney anakuja kutumbuiza uwanjani kwetu Jumamosi, na wale wa redio wamenipigia simu, wanataka nipande jukwaani, wamechonga mlango wa mbao wameupaka kijani, wimbo ukifika mwisho nifungue nimkumbatie. Yule mtangazaji alikuwa na furaha kama harusi ni yake. «Mama yetu, unafungua, anakukumbatia, watu wanalia, basi, kwisha!» Nikamwambia mimi sikufunga. Akasema, «Ndivyo wanavyosema wote, Mama.»

Yesenia anasema, «Nenda tu, Mama, ufungue, yaishe. Ukitoa ukweli Wílmar atanionaje?» Nikienda nitakuwa nimekiri mbele ya Itagüí nzima jambo nisilolifanya, nisipoenda watasema ndiye yule yule mwenye moyo wa kufuli, na nikisema ukweli nimemchoma mwanangu kabla ya ndoa. Jana nimeshona suruali nzima miguu yote ya kushoto. Nifanye nini?

Rubiela Ocampo, Itagüí


DOÑA OFELIA ANAJIBU

Rubiela, wasomaji wajue kwamba wewe nilikujibu kwanza kwa simu, kwa sababu Jumamosi yako isingelisubiri gazeti langu la Jumapili. Nayarudia hapa niliyokuambia, maana najua nyumba nyingi zenye mama anayebebeshwa maneno ambayo hakuyasema.

Pole, mama. Pole kwa nyama, pole kwa mlango, pole zaidi kwa supu. Nimemaliza kukupa pole, sasa sikiliza.

Unaniambia kinachokuumiza ni Doña Ligia. Si kweli. Katika barua yako Doña Ligia umempa sentensi moja, na nusu yake ni supu. Koo la Ferney umelipa ndimu, tangawizi na skafu ya marehemu. Kinachokuuma ni kwamba kijana aliyekuita mama aliambiwa umemkataa, akaamini, wala hakurudi kukuuliza. Hilo muziki hauliponyi, na jukwaa ndiyo kabisa. Kwa hiyo nilikuambia: usipande. Mtu haombi msamaha wa kosa la mwingine, hata kama kuna tarumbeta. Mtangazaji mwambie hapana, na akianza kukueleza jinsi watu watakavyolia, kata simu.

Na kuhusu kumchoma mwanao: Rubiela, Yesenia ni mwanamke mzima mwenye mchumba na pasi. Aliyoyasema kwa kinywa chake akayarekebishe kwa kinywa hicho hicho. Nilikuagiza umpe simu, umkalishe, ampigie Ferney wazungumze, na wewe utoke uende dukani ununue chochote, usikae nyuma ya pazia ukimnong'oneza la kusema.

Ulinipigia Ijumaa, kisha tena baada ya tamasha, kunieleza. Yesenia alilia, akakuita mkatili, kisha akapiga simu. Ukarudi na mkate usiouhitaji, ukamkuta amekaa sakafuni, akakupokeza simu. Na Ferney akakwambia:

«Mama Rubiela, mbona hukunitafuta?»

Ukamjibu, «Na wewe mbona hukugonga mara ya pili?»

Kisha akasema wimbo hawezi kuurudisha, umeshakuwa wa watu. Ukamwambia hukuomba wimbo, uliomba pole. Akakupa. Jumamosi wakapandisha mwigizaji afungue ule mlango wa mbao, watu wakalia kama walivyopangiwa, na wewe ulikuwa jikoni kwako unasikia yote kupitia dirishani. Vizuri sana. Waache waimbe. Nyimbo za namba moja hushuka, wala hazihitaji kusukumwa. Muuza nyama akikutania tena, badilisha muuza nyama.

Sasa limebaki moja, na hili hukuniuliza.

Doña Ligia utamwalika tena, naye Wílmar aje. Ukweli wasiusikie kwako. Yesenia ndiye atakayewaambia, mezani, kabla supu haijapakuliwa. Mpole hatakimbia kwa sababu msichana aliwahi kudanganya kwa woga, na akikimbia, heri akimbie sasa. Lakini kabla ya siku hiyo kaa na binti yako. Msichana aliyeshindwa kumwambia kijana mzuri, asiyemkosea kitu, kwamba hamtaki, anaweza kushindwa mara ya pili, na safari hii kuna padre na keki. Muulize: Wílmar unamtaka? Uliza mara moja, halafu funga mdomo. Usimsifie meno anayotengeneza, usimkumbushe ukumbi umeshakodiwa. Kimya kikirefuka, kiache kirefuke, hicho nacho ni jibu.

Na ikiwa jibu ni hapana, akakuomba umsaidie kidogo tu, umwambie Wílmar kwamba mama hataki, vaa viatu, chukua mkoba, mwambie binti yako mama ameenda kazini.