Mkojo wa Neema Haukupimwa

Runazi, Jumanne

Bado nina hasira na yule daktari wa zahanati. Juzi tu amerudi kutoka semina ya magonjwa ya mkojo ya watoto, na bango alilopewa huko amelibandika ukutani mwenyewe: mkojo upimwe kabla ya dawa.

Leo hakupima. Mdogo wangu Neema analia kila akikojoa, mara ya tatu tangu Pasaka, na daktari akaandika dawa ileile ya maji. Nikamwonyesha bango kwa kidole tu.

"Wewe binti, nani daktari hapa?"

Benchi zima likacheka. Mama akasema, "Msamehe, daktari. Huyu vitabu vimemzidi."

Hilo ndilo liliniuma. Nimesoma kwamba figo za mtoto zinaweza kuharibika kimyakimya, na mama anaomba radhi!

Jioni mama alipofungua chupa ya dawa, nikaziba kijiko kwa mkono. "Apimwe kwanza, mama."

Akaifunga chupa. "Basi tutarudi zahanati asubuhi na mapema. Lakini utamwambia wewe, kwa mdomo."

Nitamwambia. Naogopa, ila namchukia kuliko ninavyomwogopa.