Mwaka Huu Balkoni ni ya Maua

Jumamosi, mwisho wa Aprili. Jua kali, baridi ileile. Hapa Husby, mtaani kwetu huku Uswidi, watu wameegemea kuta, wamefumba macho na kuelekeza nyuso juani, na makoti hawajavua. Changarawe zilizomwagwa njiani wakati wa barafu ili watu wasiteleze bado zinalia chini ya viatu. Nimeamka na ubishi.

Niseme tu: leo nimenunua vyungu sita vya maua na sijamwomba mtu ruhusa.

Kwa asiyetujua hilo ni jambo dogo. Kwetu ni uasi. Akina mama wa kikundi chetu cha kanisani, Wakenya, Watanzania na mama mmoja wa Bukavu, tuna utaratibu. Theluji ikiwa bado imelala nje, Mama Njeri anaotesha sukuma wiki na mchicha dirishani kwake, ndani ya pakiti za maziwa zilizokatwa. Baridi ikianza kulegea anagawa miche, na kila mwenye balkoni yenye jua anapewa ya kulea. Kiangazi tunavuna, tunapika pamoja, tunasutana na kucheka. Balkoni yangu inapata jua kuanzia adhuhuri mpaka jioni kabisa. Kwa hiyo tangu nihamie hapa haijawahi kuwa yangu. Ni shamba la kikundi.

Na Mama Njeri si mtu wa kukataliwa hivihivi. Nilipofika nchi hii na mimba na sanduku moja, yeye ndiye aliyenilaza chumbani kwake mpaka theluji ikaisha. Ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili. Binti yangu Tumaini alijifunzia kutembea kwenye zulia lake. Nampenda yule mama, na namwogopa pia.

Lakini nimechoka kupanda vya kula.

Nimelima tangu nikiwa mfupi kuliko jembe. Nyumbani kwetu Njombe kila kipande cha ardhi kilikuwa na kazi, hata nyuma ya choo kulikuwa na maboga. Hapa nawaosha na kuwalisha wazee wa watu, narudi namlisha mwanangu, halafu natoka balkoni kuchuma cha kupika kesho. Nataka kitu kimoja tu kikae pale kisifanye kazi yoyote. Kiwe kizuri, nami nikitazame nikiwa nimekaa. Je, ni kosa? Kama ni kosa, nimeshalifanya.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimwambia. Alikuwa anakunja vitambaa vya meza.

"Mama Njeri, mwaka huu balkoni naweka maua."

"Maua? Hiyo maua utakula?"

"Sitayala, Mama. Nitayaangalia."

"Jua yote hiyo, Mama Tumaini. Jua yote hiyo upatie maua." Akaendelea kukunja. Nikadhani tumeelewana.

Basi leo asubuhi nikaenda duka la mimea, na nilikwenda kwa tahadhari. Mwaka juzi nilinunua ua moja la kuweka mezani, na nililichagua kikwetu. Kwetu ua ni la shughuli, harusi ya leo au kipaimara cha leo, kwa hiyo unachukua lililofunguka kuliko yote. Lile langu lilipukutika lote wiki ileile, nikabaki na kijiti. Ua la chungu halinunuliwi kwa ajili ya leo. Kwa hiyo safari hii niliyapita yaliyokuwa yamechanua kwa fahari, ingawa moyo uliniuma, nikaenda kwa yale yenye vichwa vilivyofumba, viwili vitatu tu vimefunguka nijue rangi.

Nilikagua mpaka nikajishangaa. Niligeuza majani nikatazama chini yake. Chungu cha kwanza kilirusha vidudu vyeupe kama unga, nikakirudisha na kujifuta mikono. Niliyaacha marefu yenye shingo nyembamba, yale yaliyojivuta kutafuta mwanga, nikachukua mafupi yenye shina nene na matawi mengi. Ya karibu na mlango sikuyagusa, maana kila mteja akiingia yanapigwa na baridi. Kisha nikafanya lile wenye duka wasilolipenda: nikainamisha chungu, nikashika shina taratibu, nikavuta kidogo nione mizizi. Ilikuwa myeupe na imeshika udongo vizuri. Dada wa dukani akanikazia macho, nami nikamkazia. Kwetu hununui kuku bila kumpapasa kifua.

Nimechukua sita, yote ni yale Waswidi wanayoyaita pelargon, yote mekundu. Nikayafunika kwa kitenge dhidi ya upepo, nikapanda treni nikiwa nimeyapakata. Mzee mmoja aliyaonyesha tabasamu. Si mimi, maua. Nikalipokea kwa niaba yao.

Nikafika nyumbani, nikakuta boksi mlangoni.

Pakiti za maziwa, zimejaa miche. Sukuma, mchicha, na mnavu kidogo, mboga ninayoipenda, wa kunibembeleza. Hakupiga simu wala kubisha hodi. Alijua akiiacha hapo sitaitupa, kwa sababu mimi si mtu wa kutupa chakula.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Halafu ile sauti yangu ya siku zote ikaanza: panga nusu kwa nusu, Mama Tumaini, mbona nafasi ipo. Naijua hiyo nusu kwa nusu. Kufika Juni maua yangu yangekuwa yamesukumwa kwenye kona chini ya majani ya sukuma, nami ningekuwa nimeinama nachuma.

Nikaweka maua yangu ndani. Nikabeba boksi, nikavuka uwanja mpaka jengo la Mama Njeri, nikabisha mlango wake.

"Umeleta nini?"

"Nimerudisha, Mama. Nilikwambia."

Alilipokea. Akatazama mche mmoja mmoja, kama vile nimeipiga.

"Sasa nitaweka wapi?"

"Sijui, Mama."

Sijawahi kumjibu mtu hivyo. Kazini, kanisani, nyumbani, mimi ndiye mwenye kujua pa kuweka kila kitu. Nilisimama pale mlangoni nikiogopa kwamba nimempoteza mtu aliyenipokea, na bado sikulirudisha neno langu.

Akaliweka boksi chini. "Kesho utakuja kikundi?"

"Nitakuja."

"Na hiyo maua yako ni rangi gani?"

"Mekundu."

"Usiweke nje usiku. Baridi bado itarudi." Akafunga mlango, ila hakuubamiza.

Najua kwamba itarudi. Ndiyo maana usiku huu yamekaa ndani, yamejipanga dirishani, na yataanza kutoka nje mchana tu, kidogo kidogo, mpaka usiku wenyewe upate adabu. Tumaini ametoka chumbani kwake akasema "Fina, mamma," yaani mazuri, mama, kisha akaniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, yana kazi gani.

Nikamwambia hayana. Akavuta kiti, tukakaa.

Kesho nitaenda kikundi mikono mitupu, na nitakaa kiti cha mbele.