Msumeno Uliobarikiwa na Shingo ya Mama Mkwe

Mpendwa Tiya Merced, shangazi wa sisi wasomaji wote, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi.

Mimi nimeolewa hapa Guimbal, naishi na mume wangu Tikyo na mama yake, Nanay Consorcia, na wifi yangu aliyeko Doha alitutumia sanduku, ndani yake sabuni, nyama za makopo, chokoleti, na katikati ya mataulo msumeno wa betri, ile mashine ya mkononi ambayo bapa lake la meno limechomoza mbele kama mdomo wa samaki chuchunge, linakwenda na kurudi kwa kasi, basi Tikyo akawa kama mtoto aliyepewa baiskeli, akakata matawi, akakata mabomba mabovu, akakata mpaka mguu wa kitanda ambacho hakikuwa na kosa lolote. Padri alipokuja kubariki pikipiki ya abiria ya jirani, Tikyo akajipenyeza akauweka msumeno juu ya kiti, nao ukamwagiwa maji ya baraka, pamoja na betri yake, kisha akafunga medali ya mtakatifu kwenye mpini kwa utepe mrefu mwekundu, na tangu hapo nikimwambia vaa miwani, vua ndala uvae viatu, ananijibu, "Mke wangu, chombo kimebarikiwa hiki. Unataka kumfundisha Padri kazi?"

Sasa Nanay akitaka kuja jikoni hulazimika kuzunguka nje kwenye mvua, Tikyo akamwonea huruma, akaamua kutoboa mlango kwenye ukuta wa mbao kati ya jikoni na chumba chake, mimi nikachora mstari kwa mkaa nikamwambia kata hapa, akawasha, ukuta ukatetemeka mpaka sufuria zikaanguka, bapa likazama lote na sisi tunacheka, kumbe upande wa pili Nanay amepiga magoti mbele ya Mtoto Yesu wake wa mbao, anawasha mshumaa, kiberiti kikamponyoka, akainama kukiokota, na palepale ilipokuwa shingo yake ndipo meno yalipotokea, Tiya, yakampita kisogoni yakamkata Mtoto Yesu mkono.

Hatukusikia yowe. Tulisikia sauti ya Nanay, taratibu kabisa: "Tikyo, umemkata Mtoto Yesu mkono."

Nilipokimbilia chumbani nilikuta kishungi cha mvi zake sakafuni, nikakiokota. Lakini la kunimaliza ni hili: majirani sasa wanaleta mishumaa, Nanay anasema ni muujiza, na Jumamosi Tikyo anapomalizia mlango yeye atapiga magoti palepale ili Mtoto Yesu auongoze mkono wa mwanawe. "Aliyeniinamisha juzi atanilinda tena," anasema. Na Tikyo anamjibu, "Sawa, Nay." Nikifungua mdomo naambiwa sina imani. Nifanye nini?

Mkwe mwenye hofu

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikajishika shingo mwenyewe. Pole sana. Kishungi kile cha mvi nimekiona kana kwamba kimeanguka miguuni pangu.

Pole nimekupa, sasa nikugombeze. Wewe uliyechora mstari ukasema kata hapa, ulizunguka kuona nani yuko upande wa pili? Hukuzunguka. Ukuta wa mbao ni kama pazia kwa mashine ile, na nyinyi mnacheka. Tikyo ana lake, na wewe una lako.

Tuje kwenye baraka. Mimi ni mtu wa misa, usinitafutie ubaya. Lakini Padri huyohuyo akipanda pikipiki aliyoibariki anavaa kofia ngumu. Baraka haijamvalisha Tikyo viatu. Huo utepe aufungue leo, maana unatafuta tu pa kujizonga, na medali aivae yeye, ndani ya shati. Avae na miwani ya kazi. Kabla ya kukata ang'oe ubao mmoja kwa mkono aone mna nini humo ndani, na azime swichi kuu, kwa kuwa aliyepitisha nyaya za nyumba hiyo hakumwachia mtu ramani. Achukue bapa fupi, linalotosha unene wa ubao basi. Ule mguu wa chuma ulio mbele ya mashine si urembo, aukandamize kwenye ubao muda wote, mikono miwili, la sivyo bapa likigonga kitu mashine itamrukia. Akiachia kitufe asubiri meno yasimame. Na kubadilisha bapa ni betri nje kwanza, hata kama ana haraka ya kwenda kula.

Sasa Nanay. Usibishane naye juu ya muujiza, hutashinda, na kwa kweli hata mimi sijui nani aliangusha kile kiberiti. Mpe kazi. Betri ikae kwake, miguuni pa Mtoto Yesu. Tikyo akitaka kukata, aende akapige goti, auweke mkono wa mama yake kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama tunavyowaamkia wazee, aiombe. Hapo Nanay atajua ukuta unaguswa, na sharti ni moja: anaikabidhi betri akiwa nje uani, si chumbani. Wewe usimame naye huko, umshike mkono, msali wote wawili kwa sauti mtakayo.

Akikataa kutoka, mwambie nimesema mimi: Mtoto Yesu amebaki na mkono mmoja. Asimtafutie kazi nyingine.

Tiya Merced